Msajili Asiwe Askofu wa Nchi



Siku hizi kuna neno moja lasemwa sana katika mikutano yetu, nalo lasemwa kwa ukali, hasa na wenye vyeo: "Viongozi wa dini wabaki na dini yao, wasichanganye dini na siasa." Nimelisikia Nzera, nimelisikia Geita mjini, na hapa Nkome nimelisikia likitoka kinywani mwa mtu ambaye Jumapili iliyotangulia alikuwa ameketi kiti cha mbele kanisani, akachangia mabati, akapigiwa vigelegele, akawekewa mikono na kuombewa ashinde. Siku ile, ati, dini na siasa zilikuwa hazijachanganyika. Zilichanganyika juma lililofuata, mchungaji yule yule alipouliza madhabahuni wako wapi watu wanaochukuliwa usiku na wasirudi.

Nataka kuwajibu mabwana hawa. Nitawajibu kwa historia yetu wenyewe, maana ndiyo wanayoisahau upesi kuliko yote.

Yafaa kwanza tujue sheria inayotumika imetoka wapi. Makanisa na jumuiya nyingi za dini nchini huandikishwa kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, chini ya Msajili ambaye ofisi yake imo katika Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ile ile ya polisi na magereza. Sheria hiyo haikutungwa na sisi. Mkoloni aliitunga mwaka 1954. Angalieni mwaka huo vizuri. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Gavana Twining hakuwa na haja ya kumfunga kila mwenye kadi. Ilimtosha kuwa na daftari, na mtu wake wa kulishika kalamu. Jumuiya ambayo jina lake limo ni halali, na ambayo halimo ni ya wahalifu, hata kama wakutanapo hawana jiwe wala rungu.

Huku kwetu Usukumani TANU ilinyimwa kuandikishwa. Tangu 1954 mpaka 1958 chama kilikuwa haramu katika nchi hii yote ya pamba, Geita ikiwemo. Wazee wetu walijibanza chini ya ushirika, mchana wakazungumza bei ya pamba na usiku wakazungumza Uhuru. Na mwaka 1958 watu wa Geita walipolikataa baraza la mseto walilotwishwa, wakaandamana mpaka Mwanza kumwona mkubwa wa Jimbo la Ziwa, walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Serikali ilitoa hoja gani? Ilisema hawa wanavunja amani, wanawachochea watu watulivu, wamevuka mpaka wa kazi yao.

Uhuru ukaja 1961. Bendera ya Mwingereza ikateremshwa, Gavana akaenda zake na kofia yake ya manyoya. Daftari likabaki.

Mimi nimetoka chuo cha ualimu, nami nalijua neno hili la "kaa mahali pako" kwa sura zake zote. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alitakiwa achague ama kufundisha Pugu ama siasa, akaiacha chaki. Watumishi wa serikali nao walikatazwa kuingia TANU. Mwalimu afundishe, mkulima alime, mvuvi avue, padre asali, na mambo ya nchi yaachiwe wenye nchi. Haya, wenye nchi ni nani basi? Ukimwondoa mwalimu, mkulima, mvuvi na padre, nani amebaki hapo barazani ila bwana mkubwa na karani wake?

Sasa tutazame jinsi daftari lilivyotumika katika miaka yetu hii.

Mwaka 2018, wakati wa Pasaka, maaskofu wa KKKT walitoa waraka kwa waumini wao wakasema juu ya hali ya nchi, haki za raia na haja ya Katiba mpya. Mwisho wa Mei ikatoka barua katika ofisi ya Msajili ikiwataka waukanushe waraka wao katika siku 10. Ndugu zangu, fikirini. Karani wa serikali anawaandikia maaskofu barua kuwaambia nini kisemwe kanisani siku ya ufufuko, na kuwapa siku za kutubu! Watu walipopiga kelele, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, Ndugu Mwigulu Nchemba, akaikana barua ile na kumsimamisha kazi Msajili. Tukashukuru, tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mei 2025 Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa pia Mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, alisema hadharani dhidi ya utekaji wa watu. Tarehe 2 Juni 2025 kanisa lake la Ufufuo na Uzima likafutwa katika daftari. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mahubiri yake yana mwelekeo wa siasa na yanawachonganisha wananchi na Serikali yao. Polisi wakalizingira jengo la Ubungo, na waumini waliojaribu kusali kwingine wakatawanywa. Hawa waumini walikuwa na kosa gani? Mama aliyekuja kumwombea mtoto wake mgonjwa alikuwa amemchonganisha nani na nani? Miezi ikapita. Novemba 2025 ikatangazwa kwamba kanisa lifunguliwe, na aliyetangaza ni Ndugu Mwigulu Nchemba yule yule, safari hii akiwa Waziri Mkuu.

Basi mara mbili katika miaka 7 amri ya Msajili imeondolewa kwa ulimi wa mtu mmoja. Twamshukuru. Lakini je, asingekuwapo? Au angekuwapo akiwa ameamka vibaya? Uhuru wa kuabudu ambao hufungwa kwa barua ya Msajili na kufunguliwa kwa hotuba ya Waziri Mkuu ni mkopo, na mwenye mkopo huishi akiisikiliza hodi ya mdai. Katiba yetu katika Ibara ya 19 haikusema hivyo. Imesema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nje! Neno hilo halihitaji wakili.

Najua mtu ataniuliza: je, wewe ni mfuasi wa Gwajima? La, si mfuasi wake. Mwaka 2021 alipohubiri dhidi ya chanjo ya korona nilimwona anakosea sana, na Bunge lilimwadhibu kwa kumzuia kuhudhuria mikutano 2. Kama haki ya kusema ni ya wale tunaowapenda tu, hata Twining aliitoa haki hiyo, maana naye alikuwa na Waafrika aliowapenda.

Mapema mwaka huu mama mmoja anayeanika dagaa hapa mwaloni alinisimamisha. Ni mtu wa AIC, mwimbaji wa kwaya, hajawahi kugombana na mtu ila wale wanaomwibia kamba za kuanikia. Akaniambia, "Mwalimu, hebu niambie kweli. Na sisi kanisa letu linaweza kufungwa?" Nikamwuliza, "Mama, kwani mmefanya nini?" Akasema, "Mchungaji ametuombea kijana wa jirani aliyepotea, akataja jina. Wazee wa kanisa wamemwambia asirudie kutaja jina, aseme tu Bwana awakumbuke wote." Nilikosa la kumjibu. Ndugu zangu, hapo ndipo hasara ilipo. Serikali haina haja ya kuyafunga makanisa elfu. Likifungwa moja Dar es Salaam, wazee wa kanisa la bati la Nkome wanaanza wenyewe kuzipunguza sala zao.

Tena twambiwe: kanisa likae mbali na mambo ya sera. Mabwana, ninyi wa Geita ndio mwasema hivi? Geita ya dhahabu? Mgodi mkubwa ulifunguliwa hapa mwaka 2000, na kwa miaka mingi mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Katika kila shilingi 100 ya dhahabu iliyotoka katika ardhi yetu, mrabaha ulikuwa shilingi 3. Nani walipaza sauti? Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA walishirikiana, wakaagiza uchunguzi, wakatoa kitabu kilichoonyesha kwa tarakimu jinsi nchi inavyopoteza kwa mikataba ya madini na misamaha ya kodi. Hawakuimba pambio. Walileta hesabu. Mwaka ule ule Kamati ya Jaji Mark Bomani nayo ikatoa taarifa yake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4, na mwaka 2017 ukafika asilimia 6. Sisemi masheikh na maaskofu ndio waliofanya yote. Nasema walikuwamo katika kazi hiyo tangu mapema, na wakati ule wengi katika siasa walikuwa wakipiga picha na wawekezaji. Leo chama kinajisifu kwa asilimia 6 katika kila mkutano. Basi tuseme ukweli kwamba asilimia hizo zimo katika matunda ya "kuchanganya dini na siasa".

Na kuna jambo jingine wanalolinyamazia. Mwaka 1992 Serikali yenyewe ilitia sahihi hati ya maelewano na makanisa juu ya shule na hospitali. Hospitali ya Sengerema, ambayo nusu yetu huku tumekwenda huko sisi au mama zetu, ni ya Jimbo Katoliki la Geita, nayo ilifanywa hospitali teule ya wilaya. Serikali ikikosa hospitali, kanisa ni mshirika wa maendeleo. Serikali ikiulizwa swali, kanisa ni kundi la wanasiasa waliovaa kanzu. Kanisa lina ruhusa ya kuwapokea watoto wetu wanapozaliwa, na halina ruhusa ya kuuliza jinsi wanavyokufa?

Mwalimu hakufikiri hivyo. Mwaka 1970 alikwenda New York akazungumza na masista wa Maryknoll, shirika ambalo watu wake wamefanya kazi Musoma na Shinyanga jirani zetu, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini na unyonge, litakuwa kitu kisicho na maana kwa binadamu. Aliyesema hayo alikuwa Rais wa nchi na kiongozi wa chama kilichokuwa madarakani. Hakuogopa Kanisa linalosema, aliogopa Kanisa linalolala.

Na jirani zetu Uganda mwaka 1977 maaskofu walimwandikia Idi Amin juu ya mauaji na uonevu wa askari wake. Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa mwezi Februari. Sijasikia Mtanzania hata mmoja, mwenye cheo au asiye nacho, anayesema leo kwamba Luwum alikosea kwa kuchanganya dini na siasa. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa twende kwenye hoja yao yenye nguvu, maana wanayo moja. Wasema: mnataka dini iachwe tu? Hamkuona Shakahola? Hamkuona Moshi? Tuliona. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Mwenye akili hawezi kuyatetea hayo. Lakini kumwua mtu ni kosa la jinai, kumnyima mtoto chakula ni kosa la jinai, kuwasonga watu uwanjani bila njia za kutokea ni uzembe ambao sheria inao jina lake na adhabu yake. Hayo yote yana polisi, yana hakimu, yana ushahidi na haki ya kujitetea. Matendo yahukumiwe kama matendo. Kulichukua kaburi la Shakahola na kulifanya sababu ya kumnyamazisha askofu anayeuliza habari za waliotekwa ni kuwatumia maiti vibaya.

Na sisi wa mkoa huu tuna jeraha letu, wala hatuna haja ya kwenda Kenya kutafuta mfano. Februari 2013, Buseresere, Wakristo na Waislamu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa kwa kukatwa. Nyama! Jirani waliolima mpaka mmoja wakashikiana mapanga kwa sababu ya bucha. Kwa miaka na miaka huku kwetu nyama ya kuuzwa ilichinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kula na mgeni asiulize. Ulikuwa ustaarabu mzuri wa ujirani, na mimi naupenda mpaka leo. Lakini ulikuwa ustaarabu, haukuwa sheria. Siku ulipotiwa mashaka Serikali haikuwa na sheria ya kuonyesha, ikatoa kauli kwamba mazoea yaendelee. Wakristo waliona wameamriwa katika jambo ambalo zamani walilitoa kwa hiari, na Waislamu waliona heshima waliyozoea imefanywa kitu cha kubishaniwa na wanasiasa. Kumbe ilitosha kusema mapema na wazi: anayetaka bucha yake aifungue, aandike mlangoni nani amechinja, Bwana Afya aikague kama nyingine, na atakayemgusa mwenzake kwa panga atakwenda kwa hakimu, awe wa kanisa au wa msikiti.

Naleta habari ya Buseresere kwa sababu ugonjwa wake ni ule ule wa Ubungo. Palipo na kauli ya mkubwa mahali pa sheria, kila upande hungoja kuona mkubwa ni wa upande gani. Leo Wakristo ndio waliofungiwa mlango na wanalia. Jumuiya za Kiislamu nazo zina malalamiko yao ya siku nyingi juu ya nani anapewa kibali na nani anasemwa na Serikali kuwa ndiye kiongozi wa Waislamu. Anayedhani jambo hili ni la Wakristo peke yao hajui nchi yake.

Neno kidogo kwa makanisa yenyewe, wasije wakadhani nimewapa hundi isiyojazwa. Mkisema juu ya sera, semeni kwa hesabu na ushahidi kama mlivyofanya 2008. Msimwambie muumini ampigie nani kura. Msiombe sheria ya nchi iwe mtumishi wa mafundisho yenu, maana hapo ndipo mpaka wa kweli ulipo: Ibara ya 3 imesema Jamhuri haina dini, na Ibara ya 20 imekataza chama cha siasa kinachoundwa ili kuendeleza dini. Na zile bahasha za wagombea, ndugu wachungaji! Mnazipokea mbele ya kusanyiko, mnampa mtu kipaza sauti dakika 20, halafu mnashangaa akidhani amelinunua kanisa pamoja na mabati yake. Na vipaza sauti vyenyewe, kwa jina la Mungu, saa 8 usiku mvuvi aliyetoka ziwani anataka kulala.

Chama kifanye nini? Naona mambo 3, na yote yamo katika uwezo wetu tukitaka. Uandikishaji wa jumuiya za dini utolewe katika Wizara ya Mambo ya Ndani, maana ibada si jambo la polisi. Uwezo wa kufuta jumuiya ya dini aondolewe Msajili, apewe Mahakama Kuu, na anayetaka kanisa au msikiti ufutwe apeleke ushahidi huko, waumini nao wasikilizwe kabla mlango haujafungwa. Leo rufaa ya aliyefutwa huenda kwa Waziri, yaani kesi ya mbuzi inapelekwa kwa kaka yake fisi. Na ndani ya chama, kiongozi anayekwenda kanisani au msikitini aende kusali, aketi anapoketi mwananchi yeyote, na mchango wake autie katika sahani kama wengine, bila kutangazwa.

Wapo watakaosema haya yatakipunguzia chama nguvu. Nguvu gani? Nguvu ya TANU katika Geita ya 1958 haikutoka katika daftari la Msajili, maana daftari lilikuwa limetukataa.

Tawi la Nkome litaileta hoja hii kwa maandishi katika mkutano wa wilaya. Twaomba matawi ya Nzera, Katoro, Nyarugusu na ya visiwani nayo yaijadili kabla ya siku hiyo, Wakristo na Waislamu wakiwa pamoja, na wale wasio na dini yoyote nao wasiachwe nje, kwa kuwa Ibara ya 19 ni yao pia. Atakayesimama kuipinga tutampa nafasi na tutamsikiliza. Ila kabla hajaanza tutamwomba atuambie kama mwaka 1954 angekuwa upande wa wenye daftari, au upande wa wale waliokuwa wakikutana usiku.